Duka Ndani ya Simu: Wafanyabiashara Wadogo wa Ngokolo Wakati wa Korona



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia ya kwetu. Tunapotaja historia, wengi hufikiria mambo ya mababu: reli, pamba, almasi, ng'ombe. Mwaka huu tumeona tuandike historia ya karibu, ambayo wengi wetu tuliipitia kwa miguu yetu na hatujaikalia chini kuitafakari. Ni historia ya wauza mitumba, mafundi cherehani, mama lishe, wauza mchele, wenye maduka ya rejareja na mawakala wa fedha wa kata yetu katika miaka ya ugonjwa wa korona, kuanzia Machi 2020, pale simu ilipoacha kuwa chombo cha kusalimiana na kuwa duka, benki, ghala na daftari kwa wakati mmoja.

Tunaiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba yaliyotokea yasipoandikwa yatasahaulika, kwa kuwa hayakuacha jengo wala jiwe la msingi. Ya pili ni kwamba mchango tunaouomba mwaka huu unatokana moja kwa moja na yale tuliyoyaona.

Biashara ilivyokuwa kabla ya simu

Shinyanga ni mji wa njia. Reli kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita hapa ikachukua pamba na mifugo. Mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, na mishahara ya mgodi ikaanza kumwagika kwenye maduka ya mji. Baadaye dhahabu ya Kahama na Geita ikavuta vijana wetu upande wa magharibi, nao wakawa wanarudisha fedha nyumbani. Ngokolo, kata iliyo jirani kabisa na katikati ya mji, imeishi kwa fedha hizo: mkulima akiuza, mchimbaji akilipwa, mtumishi akipata mshahara, na sisi tunapata wateja.

Kwa miaka mingi fedha hizo zilitembea mkononi. Aliyekuwa mbali alituma hawala ya Posta, au alimkabidhi konda wa basi bahasha na kuomba Mungu. Mwenye duka aliyekwenda kufunga mzigo Mwanza alisafiri na fedha kiunoni. Aliona mali kwa macho yake, akaishika, akabishana bei, akalipa, akapanda gari na mzigo wake.

Pia palikuwa na mali kauli. Muuzaji wa jumla aliyekufahamu alikupa mzigo kwa neno lako tu, ukauza, ukamrudishia fedha yake wiki ijayo. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Dhamana ilikuwa jina lako, ukoo wako na mahali unapokaa. Kwa mteja wa kawaida ilikuwa hivyo hivyo: daftari la madeni chini ya kaunta, na mwisho wa mwezi watu wanalipa. Tunaomba msomaji akumbuke mambo haya mawili, yaani kuona mali kabla ya kulipa na kukopeshana kwa kufahamiana. Yote mawili yalitikiswa vibaya miaka ile.

Simu inaingia

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta M-Pesa hapa Tanzania. Tigo Pesa ikaanza mwaka 2010, na mitandao mingine nayo ikaweka huduma zake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ulileta intaneti ya kasi zaidi mikoani. Vibanda vya mawakala vikaota kila kona: meza, mwavuli, kiti cha plastiki, kijana na simu tatu. Kuanzia mwaka 2014 baadhi ya mitandao iliruhusu kutumiana fedha kati ya mtandao mmoja na mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016.

Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2020, laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilikuwa takriban milioni 51, na akaunti za fedha za simu takriban milioni 32. Ukizitazama namba hizo unaweza kudhani nchi nzima, na Ngokolo ndani yake, ilikuwa tayari imeingia kwenye biashara ya kidijitali kabla ya korona kufika. Haikuwa hivyo. Wengi wetu tulitumia simu kwa mambo mawili tu: kupokea na kutoa. Mtoto anatuma kutoka Geita, mama anakwenda kwa wakala, anatoa noti, anaweka kwenye kanga. Kulipa dukani kwa simu, kuagiza mali kwa picha na kutunza hesabu kwenye simu yalikuwa mambo ya wachache.

Mambo mawili ya kiserikali yaligusa wafanyabiashara wetu muda mfupi kabla ya ugonjwa. Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Kwa Sh 20,000 kwa mwaka, mwenye mauzo yasiyozidi Sh milioni 4 kwa mwaka aliruhusiwa kufanya biashara bila kusumbuliwa na ushuru wa kila siku. Wengi walivaa vitambulisho hivyo shingoni kwa fahari. Hata hivyo kilikuwa kitambulisho cha kuuzia mtaani, na hakikumwingiza mtu kwenye mfumo wowote wa malipo au mikopo.

La pili lilikuwa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Ulianza Mei 1, 2019, na ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba 31, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Nchi nzima ilipanga foleni. Aliyekosa namba ya NIDA, na walikuwa wengi hasa miongoni mwa wazee na akina mama, aliomba kidole cha mwanawe, cha jirani au cha kijana wa kibanda. Laini ikaendelea kufanya kazi, lakini kisheria ikawa mali ya mtu mwingine. Wiki nane tu baadaye, fedha zote za biashara zilianza kupita kwenye laini hizo.

Machi 2020

Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyepatikana Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Mikusanyiko ilizuiwa. Aprili safari za ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Mwisho wa Aprili takwimu za taifa zilifikia wagonjwa 509, na baada ya hapo hazikutolewa tena kwa muda mrefu. Juni vyuo na kidato cha sita walirudi madarasani, na Juni 29 shule zote zikafunguliwa.

Tofauti na majirani zetu wengi, Tanzania haikufunga masoko wala kuwafungia watu ndani. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo biashara zetu hazikuumia. Sisi tuliokuwepo tunajua ziliumia kwa njia nyingine. Kibanda kilikuwa wazi, mteja ndiye hakuwepo. Shule zilipofungwa, muuza maandazi wa getini, mshona sare, mwenye duka la madaftari na dereva wa bodaboda aliyebeba wanafunzi walipoteza kipato kwa siku moja. Harusi na sherehe zilipoahirishwa, wapambaji, wapishi na wakodishaji wa viti walikaa. Mama lishe aliona meza zake zikipungua watu kwa sababu kila mtu aliogopa pumzi ya mwenzake.

Kwa upande wa mkoa, mapigo mawili yalituumiza. Aprili 2020 mgodi wa almasi wa Mwadui ulisimamisha uzalishaji baada ya soko la almasi duniani kuporomoka, na haukurejea hadi nusu ya pili ya mwaka 2021. Kila aliyewahi kuuza kitu Shinyanga anajua mshahara wa Mwadui una maana gani mwisho wa mwezi. Pigo la pili lilikuwa barabarani. Aprili na Mei madereva wa malori waliopeleka mizigo Rwanda walikwama mpakani Rusumo kwa sababu ya masharti mapya ya kubadilishana madereva. Isaka, bandari kavu iliyo jirani yetu wilayani Kahama, iliona foleni na ukimya kwa zamu, na waliokuwa wakiuza chakula na vocha kwa madereva hao waliumia nao.

Dhahabu ndiyo iliyopoza makali. Bei yake duniani ilipanda, na Agosti 2020 ilipita dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Vijana wetu wa machimbo ya Geita na Kahama waliendelea kutuma fedha nyumbani. Zilipita kwenye simu, na kwa miezi kadhaa mtaa mzima ulikula kwa mlio wa ujumbe wa muamala.

Lipa kwanza, mzigo utakuja

Kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, mizigo kutoka China ilikuwa imeanza kukatika tangu Februari. Kariakoo ilipungukiwa, Mwanza ikapungukiwa, na sisi tulio mwisho wa mnyororo tukapata mabaki. Wakati huo huo wafanyabiashara wengi waliogopa kupanda basi la saa nyingi wakiwa wamebanana. Ndipo WhatsApp ilipogeuka soko la jumla. Muuzaji wa belo za mitumba au vitenge anapiga picha, anaweka bei, anaandika namba ya simu. Ukitaka, unatuma fedha, naye anakupakilia kwenye basi au lori, anakutumia namba ya gari na picha ya risiti ya mzigo.

Kwa waliofanikiwa, ilikuwa neema. Waliokoa nauli, siku mbili za safari na gharama ya gesti. Wauza mchele wetu nao walijifunza kupiga picha punje kwenye kiganja na kupata oda kutoka Dar es Salaam bila dalali. Mafundi cherehani walishona barakoa za kitambaa na kuzitangaza kwenye makundi ya mtaa, na kuna ambao ndizo zilizowalipia kodi ya chumba mwezi wa Aprili na wa Mei.

Lakini tazama kilichobadilika. Zamani uliona mali, ukaishika, ndipo ukalipa. Sasa unalipa kwanza, kisha unaisubiri. Zamani hatari ya biashara aliibeba muuzaji mkubwa aliyekupa mali kauli. Sasa muuzaji huyo, naye akiwa amebanwa, alidai fedha yote kabla ya kupakia, na simu ilimwezesha kuipata ndani ya dakika moja. Hatari yote ikahamia kwa mwenye mtaji mdogo. Belo likifunguliwa na kukutwa nguo za daraja la chini, au mzigo ukipungua njiani, au namba iliyopokea fedha ikiacha kupatikana, aliyepoteza ni mama wa kibanda, na aliyepoteza ndiye asiye na wakili wala nauli ya kwenda kudai.

Hili ndilo jambo kubwa tunalotaka likumbukwe. Watu husema wafanyabiashara wadogo walishindwa na teknolojia kwa sababu hawakuijua. Wapo ambao hawakuijua, ni kweli. Lakini wengi waliijua vya kutosha kutuma fedha. Walichokosa ni kile ambacho mali kauli iliwapa bila malipo, yaani njia ya kumfahamu mtu unayefanya naye biashara na mahali pa kumshika akikugeuka. Simu ilikimbiza fedha mbio kuliko ilivyoweza kukimbiza uaminifu.

Meza ya wakala

Hakuna aliyeielewa miaka ile kuliko mawakala. Wakala anaishi kwa floti, yaani fedha aliyonayo kwenye simu, na kwa noti alizonazo kwenye droo. Akiwa na moja bila nyingine, amefunga. Wakati wa korona fedha ziliingia Ngokolo kwa simu zaidi ya zilivyotoka, kwa sababu watoto walituma nyumbani na wazazi walitaka noti. Noti zikaisha mapema. Mteja anaambiwa arudi jioni, anakwenda kwa wakala mwingine, naye hana. Wakala wa mtaji mdogo alilazimika kutembea hadi katikati ya mji mara mbili au tatu kwa siku kutafuta noti, akifunga meza yake kila anapoondoka.

Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilichukua hatua kadhaa za kusaidia uchumi. Mojawapo ilikuwa kuongeza kiwango ambacho mteja wa fedha za simu anaweza kufanyia miamala kwa siku, kutoka Sh milioni 3 hadi milioni 5, na kiasi anachoweza kubaki nacho kwenye akaunti kutoka Sh milioni 5 hadi milioni 10. Kwa mwenye duka la jumla ilikuwa nafuu ya kweli. Kwa muuza nyanya wa kwetu, ambaye hajawahi kuona milioni 3 kwa siku moja, kikwazo kilikuwa makato ya kutuma Sh 5,000. Kenya na Rwanda, mwezi Machi mwaka ule, ziliondoa makato kwa muda kwenye miamala ya fedha za simu, Kenya kwa ile isiyozidi shilingi 1,000 za kwao. Sisi makato yalibaki. Ndiyo maana mteja wetu aliendelea kulipa kwa noti hata alipoambiwa noti zina virusi, na hatuwezi kumlaumu. Akikulipa Sh 2,000 kwa simu, lazima mmoja wenu ameze makato, na wote wawili mmetoka nyumbani bila chai.

Kisha wakaja matapeli. Kila Mtanzania anaujua ule ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ulikuwepo kabla ya korona, lakini ulipata shamba lenye rutuba pale watu walipoanza kulipana kwa simu kila siku. Mtu aliyekuwa kweli anadaiwa hela ya mzigo alipopokea ujumbe kama huo, aliona umetoka kwa anayemdai. Wengine walipigiwa simu na "mhudumu" aliyewataka watoe namba ya siri ili akaunti isifungwe. Wengine walionyeshwa ujumbe bandia wa muamala, wakakabidhi mali, na salio halikuongezeka hata shilingi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliweka namba 15040 ya kuripoti matapeli, na msimbo *106# wa kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huduma hizo zipo hadi leo. Waliozihitaji zaidi ndio waliokuwa hawazijui.

Namba ya siri yenyewe ilikuwa na historia yake. Mama asiyesoma maandishi madogo ya menyu alimpa mwanawe simu amsaidie, au akamtajia wakala namba yake kwa sauti mbele ya foleni. Aliyesajiliwa laini kwa kidole cha mwingine alikuwa na tatizo kubwa zaidi. Simu ikipotea, hawezi kuirudisha laini mwenyewe. Mwenye kidole akihama, akikasirika au akifariki, mtaji wa biashara umefungiwa kwenye jina lisilo lako. Hayo hayakuandikwa kwenye takwimu yoyote, lakini katika mitaa yetu yalivunja biashara na kuvunja undugu.

Mtandao, vifurushi na tozo

Yule aliyeshinda vikwazo hivyo vyote bado alihitaji intaneti, na intaneti haikuwa mikononi mwake. Mwishoni mwa Oktoba 2020, siku za Uchaguzi Mkuu, WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii ilisumbua nchini kote. Kwa aliyeitumia kwa salamu ilikuwa kero ndogo. Kwa aliyehamishia humo orodha ya wateja, picha za mali na makubaliano ya bei, duka lilifungwa na ufunguo haukujulikana uko wapi.

Aprili 2, 2021 vifurushi vipya vya simu vilianza kutumika, na watu wakaamka wakikuta fedha ile ile inanunua bando dogo zaidi. Kelele zilikuwa kubwa nchi nzima, na Serikali ikaagiza bei zirejee za awali. Kelele hizo zilionyesha kwamba bando lilikuwa limekuwa kama unga na mafuta ya kupikia. Kijana anayeuza viatu kwa kuweka picha kwenye simu yake hesabu yake ya asubuhi huanza na bando.

Miezi mitatu baadaye, Julai 15, 2021, tozo ya miamala ya fedha za simu ilianza. Ilikuwa kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kulingana na kiasi, juu ya makato ya kawaida ya kampuni, nayo ilikatwa wakati wa kutuma na wakati wa kutoa. Serikali ilieleza kuwa fedha hizo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na vilijengwa kweli. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kuzoea kulipwa kwa simu, ilikuwa kama kumfundisha mtu kuogelea kisha kumfunga jiwe. Watu walirudi kwenye noti. Bahasha ya konda, tuliyodhani tumeizika, ilionekana tena kwenye mabasi ya Kahama na Geita.

Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba 2021, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na kuanzia Julai 2023 ile ya kutuma na kutoa fedha kwa simu ikafutwa. Miaka hiyo miwili haikupita bure. Iliwafundisha watu wetu kwamba gharama ya simu inaweza kubadilika usiku mmoja, na imani ikishavunjika haijengwi kwa tangazo la redio.

Kilichobaki

Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo ya UVIKO-19, na Oktoba mwaka ule Serikali ikazindua mpango wa Sh trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Madarasa mengi nchini yalijengwa kwa fedha hizo. Ugonjwa ukafifia, Mwadui ikafunguliwa, harusi zikarudi, na meza za mama lishe zikajaa tena.

Simu haikurudi ilikotoka. Leo vibao vya Lipa Namba vimebandikwa kwenye vibanda hata vya matunda. Mwenye duka anaagiza mzigo Mwanza bila kusafiri, na bodaboda analipwa kwa simu usiku. Hayo ni mavuno ya miaka ile migumu, na tunayashukuru.

Lakini magugu nayo yamekua. Mikopo ya simu, ambayo mtu hupata kwa kubonyeza menyu, imechukua nafasi ya mali kauli, ila haina huruma yake. Mwenye mali kauli alijua kwamba umefiwa wiki hii, akakusubiri. Programu haijui msiba. Nyingine zilifika mahali pa kuwatumia ujumbe wa aibu ndugu na marafiki wa mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya walioingia humo ni watu wetu, waliokopa kulipia mzigo kabla haujafika.

Na wapo wengine, wengi tu, ambao hadi leo hawana kumbukumbu ya mauzo hata ya mwezi mmoja. Ujumbe wa miamala hufutwa simu ikijaa, na daftari la zamani waliliacha wakidhani simu inatunza. Halmashauri inapotoa mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kikundi chenye hesabu zilizoandikwa husikilizwa. Kisicho na hesabu hurudi nyumbani kikisema kuna upendeleo.

Tunachoomba mwaka huu

Wana-Ngokolo, hatuombi mchango ili kununulia watu simu. Simu zipo. Tunaomba mchango wa kuanzisha darasa la jioni kwa wafanyabiashara wadogo wa kata yetu, baada ya saa za soko, kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale mzee anapokihitaji. Mafunzo yatakuwa machache na ya kushikika: kusajili laini kwa jina lako mwenyewe, kulinda namba ya siri, kumtambua tapeli, kukagua muamala kabla ya kutoa mali, kusoma masharti ya mkopo kabla ya kubonyeza kukubali, na kutunza hesabu kwenye daftari na kwenye simu kwa pamoja.

Tunahitaji meza, viti, ubao, intaneti ya uhakika, chombo cha kutunzia umeme unapokatika, na posho ya walimu. Walimu wenyewe tunao. Ni mawakala wetu na vijana wetu waliojifunza kwa kuungua, na wako tayari kufundisha wengine wasiungue.

Tunawaomba pia ninyi wafanyabiashara wakubwa mliotoka kwetu na mnaouza jumla Mwanza na Kariakoo jambo lisilo na gharama kubwa. Kubalini kuorodheshwa kwa majina yenu na maduka yenu, ili mama wa Mitumbani anapotuma fedha ajue anamtumia nani, mtoto wa nani, na anapatikana wapi. Hiyo ndiyo mali kauli yetu ya zamani, tunairudisha kwa njia ya sasa.

Ugonjwa mwingine au msukosuko mwingine unaweza kuja, na hautatuuliza kama tumejiandaa. Ulipokuja ule wa 2020, kila mmoja wetu alijifunza peke yake, kibandani kwake, kwa fedha yake. Safari ijayo tunataka tuwe tumejifunza pamoja. Toa ulicho nacho. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha nyumbani.